Grant ya serikali ilinipa mashine ya kukausha omena, gorogoro nusura initoe Asembo Bay

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha chooni na simu.

Kuna kijana aliuliza humu juzi kama zile grant za serikali, za kutoa utafiti maabara na kuupeleka sokoni, ni kitu cha kweli au ni maneno ya kujazia magazeti. Nimesoma majibu yenu yote. Wengi mmemwambia asijisumbue, hizo ni za watu wenye mjomba wizarani.

Mimi mjomba wangu alikuwa fundi wa baiskeli Mbale. Na grant nilipata.

Nitasimulia ilivyokuwa, bila chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitauacha ujinga wangu peupe, umri huu sina cha kuficha. Uzi ni mrefu kiasi, weka chai karibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa technician kwenye taasisi moja ya utafiti wa viwanda, tawi la Kisumu. Jina la taasisi naliacha, maana wenzangu wengine bado wako hai na wana maneno.

Kwetu ni Maragoli, lakini nilikuwa nimepanga Nyalenda na mke wangu, Mama Mideva. Chumba kimoja, bomba moja la maji kwa plot nzima, na kila asubuhi foleni ya mitungi na matusi madogo madogo. Nasema hivyo mjue sikuwa mtafiti wa tai. Nilikuwa mtu wa spana, na kwa mambo ya spana nilijiona sina mwenzangu.

Kazi yetu maabara ilikuwa kukausha vitu. Mahindi, mihogo, pilipili, samaki. Unakausha, unapima, unaandika, unafunga faili.

Siku moja nikatumwa Asembo Bay kupima unyevu wa omena. Kwa wasioijua, omena ni wale dagaa wadogo wa ziwa, urefu wa kidole. Wavuvi wakishusha, wanawake wananunua na kuanika chini, juu ya nyavu kuukuu au kwenye mchanga mtupu. Jua likiwaka, jioni imekauka. Mvua ikinyesha, basi tena.

Siku hiyo mvua ilinyesha.

Nilimwona mama mmoja akikusanya omena yake kwa fagio. Ilikuwa imelowa na imeanza kunuka. Akaijaza kwenye magunia ya lori la chakula cha kuku, maana lori hilo lilikuwa linajua siku za mvua kuliko mtu wa hali ya hewa. Bei ya omena ya kuku na ya omena ya watu ni vitu viwili tofauti kabisa, na yeye alikuwa amenunua kwa bei ya watu. Alikung'uta fagio akaenda zake.

Huyo ndiye Mama Risper, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa pale beach. Mtamsikia sana.

Nilirudi Kisumu nimekasirika, hata sijui nimemkasirikia nani. Kesho yake nikaanza kuchora.

Ilinichukua miaka sita. Mashine yenyewe ilikuwa kabati kubwa la chuma lenye trei kumi za wavu. Pembeni kuna tanuri la kuchoma maganda ya mpunga, tulikuwa tunayapata bure Ahero. Feni inasukuma hewa moto ndani. Na ujanja wangu, ule nilioupenda kuliko usingizi, ni kwamba hewa ilikuwa inaingia kutoka chini na kutoka juu kwa wakati mmoja. Samaki anakaushwa pande zote mbili. Saa tatu tu, kazi imeisha, mvua inyeshe isinyeshe.

Wageni wakija taasisi tunaiwasha, wanapiga makofi, wanaondoka, tunaifunika turubai. Ndivyo utafiti mwingi ulivyokuwa unaishia, chini ya turubai.

Ndipo ikaja grant. Serikali ilikuwa imetenga fungu la kuchukua vitu vilivyokwisha kuthibitishwa maabara na kuvigeuza biashara. Mkuu wetu wa tawi akabandika tangazo ukutani. Watu wakalisoma, wakacheka, wakaenda chai. Mimi nikalibandua nikaenda nalo nyumbani.

Fomu zake, wakuu, zilikuwa na unene wa daftari la shule. Swali la teknolojia nililijibu kwa kurasa kumi na moja, na michoro. Kulikuwa na swali lingine linalouliza ni nani atatumia kifaa hiki na atauzaje bidhaa yake. Hilo nilijibu kwa mstari mmoja: "Wanawake wa omena, watauza sokoni kama kawaida."

Kumbukeni huo mstari.

Nikaitwa kwenye interview Nairobi, nikajibu, nikarudi. Baada ya miezi barua ikaja. Nimekubaliwa. Mama Mideva aliisoma mara mbili, akaniuliza kama wamekosea jina.

Lakini kulikuwa na masharti. Sehemu ya kwanza ya grant ilikuwa ya kutengeneza mashine nzuri na kuiweka beach kwa msimu mmoja. Mwisho wa msimu kamati inakuja kukagua. Wakikuta wachuuzi wasiopungua kumi na wawili wanaitumia kwa hiari yao, na samaki wao wanauzwa soko la kawaida, mashine inakuwa ya kikundi na sehemu ya pili inatolewa ya kutengeneza nyingine. Wasipokuta, mashine inarudishwa store Nairobi.

Hiyo store nilikuwa naijua. Niliwahi kutumwa kuchukua mota huko. Kulikuwa na mashine ya kukata mihogo, majiko ya kila aina, kinu cha kukamua alizeti, vyote kazi za watu waliokesha kama mimi, vimejaa vumbi na kinyesi cha popo. Nilipokuwa natia sahihi yale masharti, hiyo store ndiyo niliyokuwa naiona.

Haya. Mashine ikapelekwa Asembo Bay. Mama Risper aliwashawishi wenzake watoe kipande cha uwanja wao wa kuanikia, na haikuwa rahisi. Uwanja ule ulikuwa ndio mali yao. Aliwaambia ikishindikana atabeba aibu yeye.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Omena ilitoka safi, haina chembe ya mchanga, inang'aa fedha, imenyooka vizuri kwenye trei. Wanawake kumi na wanne walijiandikisha. Waliniita Injinia. Niliandika ripoti ya kwenda Nairobi, na ukiisoma leo utafikiri nimevumbua moto.

Wiki ya pili wakaja tisa.

Ya tatu, sita.

Ya nne nikabaki na Mama Risper na wenzake wawili. Wengine walikuwa wamerudi kuanika chini, mawingu yakiwa juu yao yameiva kabisa. Nikiwafuata kuuliza wanatabasamu. "Injinia, mashine yako ni mzuri sana. Tutakuja tu." Kesho yake hawaji.

Hapo nikaanza kuhangaika. Nikasema labda ni harufu ya moshi, nikabadilisha maganda ya mpunga nikachoma makaa. Nikasema labda joto ni kali, nikapunguza. Nikaosha trei kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Kila jioni naandika vipimo kwenye daftari, na vipimo vilikuwa safi. Unyevu sawa, mchanga hakuna, uzito vizuri. Kwa mujibu wa daftari mimi nilikuwa nimefaulu. Beach tu ndiyo ilikuwa haijasoma daftari.

Halafu nikapata wazo ambalo hadi leo nikilikumbuka najifunika uso.

Nilijua sokoni omena haiuzwi kwa kilo. Inauzwa kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia unaopimia kila kitu kuanzia mahindi. Mizani ya beach ilikuwepo moja, ya maajenti wa mbuta, wale sangara wakubwa, na hakuna mwanamke aliyekuwa anaiamini. Nikasema, hawa wamama wanafikiri samaki wangu ni mwepesi kwa sababu amekauka sana. Nitawathibitishia kwa mizani ya maabara.

Nikaomba mizani, nikaifunga kwa blanketi, nikaenda nayo soko la Mamboleo pamoja na Mama Risper. Pale kulikuwa na mchuuzi wake wa siku nyingi, walimwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme. Ndiye aliyekuwa ananunua magunia ya kikundi na kuuza rejareja. Watu walikuwa wanamheshimu. Nikaweka mizani juu ya meza yake, watu wakakusanyika, kidogo nianze na sala.

Nikajaza gorogoro moja kwa omena iliyoanikwa chini. Nikaipima. Nikajaza gorogoro ile ile kwa omena ya mashine. Nikaipima. Yangu ilikuwa nzito zaidi, na si kidogo.

"Mnaona?" nikasema kwa sauti. "Gorogoro moja ya mashine ina samaki wengi zaidi."

Hakuna aliyepiga makofi.

Nyar Seme akajifuta mikono kwa leso. "Umesema ni mingi zaidi?"

"Ndiyo, mama."

"Na gorogoro ni moja?"

"Ni moja."

"Na bei ni ile ile?"

Nikaitikia kwa kichwa, wakuu.

"Sasa wewe jamwa," akasema, na jamwa ni mtu asiye Mjaluo, hakunitukana, alikuwa ananionea huruma, "unataka mimi nipee watu samaki yangu bure?"

Watu wakacheka. Na kabla hawajamaliza kucheka akaja mteja, mama wa makamo na kikapu. Nyar Seme akanikonyeza, akamjazia gorogoro kwa omena yangu. Ikafika mdomo wa mkebe. Akaongeza juu ili kuweka kile kilele ambacho kila mteja anakidai. Samaki wangu walionyooka wakateleza wakaanguka mezani. Akaongeza tena. Wakateleza tena.

Mteja akaangalia mkebe uliojaa sawasawa na mdomo. "Meda matin," akasema, yaani niongeze kidogo.

"Haikubali kukaa," Nyar Seme akamwambia.

Mteja akaenda meza ya pili. Pale omena ya kuanikwa chini, iliyojikunja kila samaki kivyake, ilikuwa imeshikana juu ya mkebe hadi inapanda mlima. Chini ya huo mlima nusu ilikuwa ni hewa tu, lakini alilipa akaenda ameridhika.

Yaani muuzaji anatoa samaki wengi zaidi, na mnunuzi anaona ameibiwa. Niliweza kuwakosea wote wawili kwa mashine moja, kwa pesa ya serikali.

Niliibeba mizani yangu nikarudi Nyalenda. Mama Mideva alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nikamweleza yote. Alicheka hadi akaweka sinia chini.

"Baba Mideva," akasema, "kila Jumamosi si unasimama pale barabarani unamwambia yule mama wa omena ongeza, ongeza, mpaka anakasirika?"

Ni kweli. Miaka sita nachora mashine ya omena, na miaka hiyo hiyo sita nakula omena ya kilele. Sikuwahi hata siku moja kuviweka hivyo vitu viwili pamoja kichwani. Kwenye fomu niliandika "kama kawaida". Kawaida yenyewe nilikuwa naiishi na sikuijua.

Niliumia, siwadanganyi. Zilikuwa zimebaki wiki tano kamati ije, na nilikuwa nishaanza kufikiria lori la kurudisha mashine.

Kesho yake nikarudi beach. Nikamwuliza Mama Risper kwa nini hawakuniambia mapema.

"Ulikuwa unakuja na furaha kila siku, na hiyo kitabu yako," akasema. "Nani atakuambia?"

Nikamwomba kitu kimoja. Aanike chini kama siku zote, na mimi nikae niangalie. Akaniangalia kama anaangalia mtu aliyepungukiwa akili, lakini akaanika. Nikakaa juu ya beseni lililogeuzwa, asubuhi nzima, daftari mkononi.

Kwa muda hakuna kitu. Halafu ngozi ya juu ikaanza kukauka kwa jua, wakati ya chini bado ina maji. Ya juu ikivuta, samaki anapinda, kichwa na mkia vinakuja juu. Mama Risper akapita akawageuza kwa viganja, harakaharaka, wakapinda tena upande mwingine. Jioni hakuna samaki aliyenyooka uwanja mzima.

Mmeshaona tatizo lilikuwa nini. Ule ujanja wangu, hewa ya juu na chini, ndio ulikuwa unawanyoosha. Nilikuwa nimetumia miaka sita kuzuia kitu ambacho soko lilikuwa linakitaka.

Nyuma ya kibanda cha Mama Risper kulikuwa na bati kuukuu lenye kutu, la paa la zamani. Nikaliomba. Nikalikata, nikalipiga nyundo, nikaziba nalo lile tundu la hewa ya juu. Ilikuwa kama kumfunga mtoto wangu mdomo, nasema ukweli. Nikawasha.

Saa tatu zikawa karibu sita. Katikati Mama Risper akavuta trei moja moja, akageuza samaki kwa viganja vyake, akazirudisha. Tulipotoa, omena ilikuwa imejikunja vizuri, safi, haina mchanga.

Akachukua gorogoro. Akajaza, akaweka kilele. Kikakaa. Akaongeza, kikakaa. Akautikisa mkebe kidogo, kama anavyofanya mteja mbishi, na kilele bado kiko.

Aliniwekea mkono begani, akaenda kuwaita wenzake.

(Najua kuna mtu anaandika sasa hivi kwamba huo ni wizi, mteja anapewa hewa. Mkuu, mteja alipata kile kile alichokuwa anapata siku zote, bila mchanga na bila kuoza. Nilipompa zaidi alinikimbia. Tuendelee.)

Wakarudi. Kwanza sita, halafu kumi, halafu wote kumi na wanne. Nyar Seme akatuma ujumbe kwamba omena ya Asembo Bay sasa ina akili.

Ilibaki shida moja. Masharti ya grant yalisema huruhusiwi kubadilisha muundo bila kibali cha maandishi. Niliandika barua ya kuomba kibali, sikujibiwa. Nikaandika nyingine. Kimya. Na jina la mradi wangu kwenye kila karatasi ya serikali lilikuwa kikaushio cha hewa ya pande mbili. Mashine iliyokuwa beach ilikuwa ya upande mmoja na bati la kutu.

Siku ya ukaguzi niliamka na wazo la woga. Nilisema nitang'oa bati asubuhi, kamati ione mashine kama ilivyo kwenye michoro, waondoke, nilirudishe. Nikafika beach mapema, nikapanda ngazi, nikafungua misumari. Bati likatoka.

Wanawake walikuwa wamefika na mabeseni yao. Wakaliona bati chini. Mmoja akajitwisha beseni lake akaanza kuondoka, wa pili akamfuata.

Mama Risper akaja chini ya ngazi.

"Injinia, rudisha hiyo bati."

"Mama, wakiiona watasema nimeharibu mashine yao. Wataibeba."

"Na wakikuta mashine na watu hakuna, hawatabeba?" Akaliokota bati, akaninyooshea. "Hii ndio mashine. Hiyo ingine ni sanduku tu."

Nilikuwa bado juu ya ngazi, nyundo mkononi na misumari mdomoni, Land Rover ya kamati ilipoingia.

Walishuka watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu wa suti ya kaunda, mpole wa sauti. Alikuwa na injinia kijana mwenye faili, na mama mmoja wa wizarani aliyekuwa anaandika. Mwenyekiti akasimama chini ya ngazi yangu, akaangalia juu.

"Hiyo bati inafanya nini? Haipo kwenye michoro."

Nikatema misumari. Nilikuwa nimeandaa uongo, wakuu, lakini nilipowaona wale wanawake wamesimama na mabeseni ukanikauka mdomoni. Nikashuka nikamweleza yote. Mamboleo, mizani, kilele, jua, ngozi ya juu, barua mbili. Nikamwambia hata kwamba dakika chache zilizopita nilikuwa nimeling'oa ili nimdanganye.

Injinia kijana akafungua faili. "Kwa hiyo umeziba nusu ya uvumbuzi tuliougharamia?"

"Ndiyo."

"Bila kibali?"

"Bila kibali."

Akaandika. Alikuwa na haki, kanuni ni kanuni. Mwenyekiti akazungumza na wanawake, akahesabu majina, akapata kumi na wanne. Akatia mkono kwenye trei, akanusa omena, akarudisha. Kisha akasema watatuandikia, akaanza kutembea kuelekea gari.

Mtu yeyote aliyewahi kuomba kitu serikalini anajua "tutakuandikia" maana yake nini. Niliiona store ile, na popo wake.

Njiani mwenyekiti akapita meza ya Mama Risper. Akasimama. Alitaka omena ya kupeleka nyumbani, akaomba gorogoro moja.

Mama Risper akachukua mkebe. Akajaza taratibu hadi mdomoni, sawasawa, akaufuta juu kwa kiganja ukawa bapa kabisa. Akamwekea mbele. Mimi nilishangaa, maana Mama Risper hakuwa mchoyo hata kidogo.

Mwenyekiti akaangalia mkebe. Akaangalia kilima cha omena kilichobaki mezani.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "si uniongeze kidogo hapo juu?"

Yule mama wa wizarani akaacha kuandika.

Mama Risper akatabasamu. "Mzee, hapo juu ndio kazi ya ile bati."

Yule mzee alisimama pale, mkono bado unaonyesha juu ya mkebe. Akaangalia mkono wake mwenyewe. Akageuka akaangalia mashine, halafu mimi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekamatwa, na wanawake wote wakapata ruhusa ya kucheka naye.

Mama Risper akamwekea kilele cha haja. Kikakaa.

Mwenyekiti akachukua faili kwa injinia kijana, akaiweka juu ya boneti ya gari, akaandika amesimama. Alipomaliza akanionyesha. Alikuwa ameandika kwamba ombi la mabadiliko limepokelewa na kukubaliwa, na kwamba mashine inabaki ilipo.

Nikakaa juu ya beseni lile lile nililokalia siku ile, nikalia mbele ya watu, sikuona aibu. Miaka sita ilinitoka pale.

"Anaumwa?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana," Mama Risper akamjibu. "Amepona."

Sehemu ya pili ya grant ilitoka. Tulitengeneza mashine nyingine, na safari hii bati lilichorwa kwenye plan tangu mwanzo, na jina la kizungu likapewa. Kwenye ripoti ya mwisho lilichukua mstari mmoja. Hewa ya pande mbili niliiandikia kurasa kumi na moja.

Mvua kubwa iliyofuata nilikuwa beach. Ilinyesha tangu asubuhi. Lori la chakula cha kuku likaja kama kawaida yake, likaegesha, dereva akangoja na magunia yake. Mashine ilikuwa inanguruma, wanawake wako chini ya turubai wanageuza trei na kupiga stori. Mchana dereva akaniuliza omena iliyooza iko wapi. Nikamwambia leo hakuna. Akawasha gari akaondoka tupu.

Nililiangalia lile lori hadi likapotea. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha vile.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, ndiyo, grant zipo, na mtu asiye na mjomba anapata. Jaza fomu. Lakini ukifika kwenye lile swali la nani atatumia na atauzaje, usiandike mstari mmoja kama mimi. Nenda ukakae juu ya beseni kwanza, siku nzima, uangalie wenyewe wanavyofanya, na usiwaonyeshe daftari.

Mama Risper ametangulia mbele ya haki. Bati lake liliisha kwa kutu, kikundi kikaweka lingine pale pale.

Wale wa kusema weka picha, camera sikuwa nayo. Mlioishi pande zile miaka hiyo, au mliowahi kupambana na hizo fomu, karibuni mtiririke. Na wewe mwenye uvumbuzi wako hapo ndani, kabla hujanipinga niambie kwanza: sokoni kitu chako kinapimwa na nini?